Violeti kwenye mwamba unaovuja: kisa cha kurundika fokasi msituni Amani

Mtaalamu mmoja wa mimea aliomba picha za violeti ya Usambara ikiwa pale pale inapoota yenyewe, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza. Alitaka vitu viwili vionekane bila ubishi. Cha kwanza ni vinyweleo vya juu ya jani. Cha pili ni kile kijiti chembamba cha kike kinachochomoza katikati ya ua, kama kimeelekea kushoto au kulia. Sharti lake lilikuwa moja tu: mmea usiguswe. Usishikizwe kwa kibanio, jani lisisogezwe, na ukoga uliofunika mwamba usikanyagwe.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu mafunzo mengi ya kurundika fokasi huzungumzia ua lililokatwa na kuwekwa mezani, dirisha limefungwa na feni imezimwa. Msituni ua liko juu ya kikonyo chembamba, maji yanadondoka, jua linaingia na kutoka. Hapo karibu kila ushauri wa mezani lazima upimwe upya.

Kwa ambaye hajawahi kuifanya, kazi yenyewe ni hii. Unapiga picha kadhaa (kila moja huitwa fremu) za kitu kimoja bila kuhamisha kamera, na kila picha fokasi, yaani pale palipo pakali, inasogea nyuma kidogo, kama slesi za mkate. Baadaye programu inachukua sehemu iliyo kali katika kila picha na kuziunganisha ziwe picha moja iliyo kali kuanzia mbele hadi nyuma. Hiyo seti ya picha ndiyo ninayoiita mrundiko.

Violeti hii ina historia inayostahili kutajwa, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini picha ya kawaida haikutosha. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huku Usambara, aliukuta mmea huu na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akautangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mamilioni ya vyungu vinavyokaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani chimbuko lake ni milima hii yetu, ingawa ndugu zake wa mwituni wanaota Tanzania na Kenya tu. Mwaka 2015 wanasayansi walilihamishia kundi hili lote kwenye jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) ya Streptocarpus. Majina yamebadilika, lakini anayetaka kutofautisha aina moja na nyingine bado anatazama vinyweleo vya jani: virefu au vifupi, vimesimama au vimelala, vimechanganyika au ni vya namna moja. Ukimpelekea picha ambayo vinyweleo vimeyeyuka na kuwa ukungu wa kijani, umempelekea picha nzuri ya ukutani, basi.

Ua nalo lina siri yake. Petali ni tano, mbili fupi juu na tatu kubwa chini, zambarau iliyokolea, na katikati kuna vifuko viwili vya chavua vya njano iliyoiva. Kijiti cha kike hakikai katikati. Katika ua moja kinaelekea kushoto, katika ua la jirani kwenye mmea huo huo kinaelekea kulia, kana kwamba moja linajitazama kwenye kioo. Ndiyo maana nikaandika kwenye daftari kabla hata ya kufungua begi: picha hizi zisigeuzwe. Wapo wahariri wanaogeuza picha ili mada itazame ndani ya ukurasa, na kwa ua hili kufanya hivyo ni kubadilisha ukweli wa mmea.

Kwa nini fremu moja haikutosha

Wapiga picha wengi hujibu tatizo la fokasi kwa kufunga tundu la lenzi, ambalo huwa dogo kadiri namba ya f inavyokuwa kubwa: weka f/22, umalize. Kwa picha ya kilima inakubalika. Kwa ua la sentimita mbili na nusu, hesabu inakataa.

Nilikuwa na kamera yenye sensa kamili (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), ya milimita 36 kwa 24, na lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Ua lilijaa vizuri kwenye ukubwa wa nusu, yaani sentimita moja ya ua inakuwa nusu sentimita kwenye sensa. Kwa ukubwa huo, f/8 inakupa unene wa fokasi, yaani kina kinachotoka kikali, wa karibu milimita 2.9 ukitumia kipimo cha ukali cha kawaida cha vitabu. Lakini kipimo hicho kimekusudiwa picha inayotazamwa kwa umbali wa kawaida. Mtu atakayeikuza kwenye skrini akihesabu vinyweleo anahitaji kipimo kikali zaidi, na unene unashuka hadi milimita 1.4 hivi. Ua lenyewe, ukilitazama uso kwa uso, lina kina cha milimita kama nane toka ncha ya vifuko vya njano hadi kwenye petali za nyuma.

Ukifunga hadi f/22 unene unaongezeka, ni kweli. Ila mwanga unaopenya kwenye tundu dogo hutawanyika, na kwa picha za karibu tundu linafanya kazi kama dogo kuliko namba yake: f/22 kwenye ukubwa wa nusu inakuwa na tabia ya f/33. Matokeo yake, nukta moja kwenye ua inatanuka na kufikia karibu sehemu tisa za mia za milimita. Kwa f/8 inabaki karibu sehemu tatu za mia. Kwa kitu chembamba kama kinyweleo cha jani, tofauti hiyo ndiyo kuonekana au kutoonekana. Kwa hiyo f/22 ingenipa picha ambayo yote ni laini kwa usawa, mbele na nyuma. Uamuzi wa kurundika ulitoka hapo, kwenye vinyweleo. Hamu ya kutumia mbinu haikuhusika.

Mwamba, maji na mwanga

Mmea ulikuwa kwenye uso wa mwamba uliosimama, kimo cha kiuno, chini ya miti mirefu. Udongo mchache, ukoga mwingi, maji yakichuruzika kwenye nyufa. Majani yamejipanga duara, mapana, yamebanana na jiwe, na maua matatu yamejitokeza mbele kwa vikonyo vyembamba.

Tofauti hiyo ndogo ya mkao ndiyo iliyotawala kazi yote. Jani limelala karibu na jiwe, halitikisiki hovyo. Ua linaning'inia hewani, na linatikisika mtu akipita tu. Anayerundika kwa mazoea atataka fremu moja kubwa yenye ua, jani na ukoga, vyote vikali. Angehitaji kina cha sentimita nne hivi, fremu arobaini au zaidi, na kwenye kivuli kile zingechukua karibu nusu dakika. Hakuna ua la violeti litakalotulia nusu dakika karibu na kijito. Nikaamua kazi iwe mirundiko miwili iliyotengana kabisa: mmoja wa ua, mfupi na wa haraka, na mwingine wa jani, mrefu na wa polepole. Picha mbili, kila moja inajibu swali lake.

Mwanga ulikuwa hafifu. Kwa f/8 na ISO 800 (ISO ni wepesi wa sensa kuhisi mwanga) kila fremu ilihitaji karibu theluthi moja ya sekunde. Kuna watakaosema nitumie flashi. Flashi inagandisha mtikisiko ndani ya fremu moja, na hilo ni jema, lakini haigandishi ua kati ya fremu na fremu. Kama ua limeinama nusu milimita kati ya fremu ya nne na ya tano, utapata fremu mbili kali sana ambazo hazikubaliani. Kwenye mrundiko, kutokubaliana ndilo tatizo kubwa. Isitoshe flashi ingegeuza ukoga wa nyuma kuwa giza totoro, na mtaalamu alitaka mahali mmea unapoishi paonekane.

Jua lilileta shida ambayo mezani haipo. Miale ilipenya kwenye matawi na kutua kwenye mwamba kama madoa, na madoa hayo yanatembea. Petali iliyo kivulini fremu ya kwanza inaweza kuwa imewaka fremu ya nane, na programu ikiziunganisha unapata kiraka cheupe chenye mpaka mkali katikati ya zambarau. Dawa yake ilikuwa mwamvuli mweupe. Mwongozaji wetu, mzee wa Kisambaa anayeijua njia ile tangu utoto, aliushika juu ya mmea, na kwa tendo moja tukamaliza mambo mawili: madoa ya jua yakageuka mwanga laini, na matone yaliyokuwa yakidondoka toka juu yakaangukia kitambaani badala ya jani. Uwe mweupe kweli. Mwamvuli mwekundu au wa kijani unamwaga rangi yake kwenye ua, na violeti ni mgumu vya kutosha bila msaada huo. Kamera nyingi huvuta zambarau yake kuelekea buluu. Nilipiga fremu moja yenye kadi ya kijivu, ya kupimia rangi, chini ya mwamvuli ule ule, na rangi ikasawazishwa kwa hiyo.

Stendi iliwekwa miguu miwili kwenye jiwe na mmoja kwenye udongo mgumu, mbali na ukoga. Udongo wa msituni ni laini. Mtu akihamisha uzito toka mguu mmoja hadi mwingine hatua moja toka stendi, unaiona picha ikicheza kwenye skrini. Kwa hiyo kila mtu alitafuta mahali pake na kubaki hapo. Kamera ilikuwa imekaa nje ya begi muda kabla ya kazi ili lenzi izoee hewa, maana unyevunyevu wa Amani huweka ukungu kwenye kioo upesi.

Mrundiko wa ua

Uamuzi ulionisaidia kuliko yote haukuhusu fokasi hata kidogo. Ulihusu pembe. Niliielekeza kamera hadi sensa ikawa sambamba na uso wa ua. Ukilitazama ua kwa upande, kina cha kufunika kinaongezeka maradufu na zaidi. Ukilitazama uso kwa uso, petali zote zinakuwa karibu umbali mmoja, kijiti cha kike kinaelekea ubavuni bila kuja kwako, na kinachobaki ni zile milimita nane. Kwa hatua ya milimita moja, ukiongeza fremu moja mbele na moja au mbili nyuma kwa usalama, unapata fremu kumi na moja hivi. Hatua iwe ndogo kuliko unene wa fokasi, theluthi mbili yake ni kiasi kizuri, ili slesi zipandane. Pasipopandana, katikati ya picha utaona mistari laini inayojirudia.

Kamera za siku hizi zinasogeza fokasi zenyewe. Nikon D850 ya 2017 na Canon EOS RP ya 2019 zote zina kazi hiyo, na ukubwa wa hatua unachaguliwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 10. Namba hizo si milimita. Namna ya kuzijua ni kulaza rula kwa mwinamo nyumbani, kupiga mrundiko kwa f/8 kwenye ukubwa unaoutaka, na kusoma kwenye rula fokasi imesogea kiasi gani kila hatua. Fanya hivyo kwa lenzi yako, andika kwenye karatasi, ibaki kwenye begi. Mwenye kamera ya zamani anazungusha pete ya lenzi kwa kidole. Inawezekana kabisa, ila mkono unatikisa na muda unaongezeka. Reli ya kusogeza kamera nzima nayo ipo, lakini mimi huiacha kwa vitu vinavyokuzwa zaidi ya ukubwa wake halisi. Kwa ua zima inakula muda bila faida.

Kwa shata ya kielektroniki, fremu kumi na moja za theluthi ya sekunde ziliisha ndani ya sekunde sita au saba. Swali likawa: sekunde saba za utulivu zinapatikana lini?

Nilikuwa nakodolea macho ua kwenye skrini, nikingoja litulie. Mzee akanambia, "Mwanangu, utaliangalia hilo ua mpaka jioni. Angalia ule uzi wa buibui hapo juu."

Ulikuwa uzi mmoja, umefungwa toka kona ya mwamba hadi kwenye mzizi, unang'aa kidogo. Hewa ikisogea, uzi unaanza kucheza kabla ya ua. Ua likisimama, uzi bado unatetemeka. Uzi ukinyooka na kutulia kabisa, ndipo hewa imetulia kweli.

"Nimekuelewa, mzee," nikamjibu, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akisema "sasa".

Nilipiga mirundiko mingi mifupi, yote ya ua lile lile, na kati ya mmoja na mwingine nikapiga fremu ya kiganja changu mbele ya lenzi ili nijue mrundiko gani umeishia wapi. Ukirudi na mamia ya picha za zambarau zinazofanana, kiganja hicho ni cha thamani. Na hapa nina msimamo: nje, mrundiko wa fremu kumi na moja uliopigwa mara kadhaa unashinda mrundiko mmoja wa fremu hamsini. Upepo ukipita kwenye ule mfupi umepoteza sekunde saba. Ukipita kwenye ule mrefu umepoteza kila kitu, na huenda usijue mpaka ufike nyumbani.

Fremu niliziacha na nafasi pembeni mwa ua. Lenzi inapobadili fokasi, ukubwa wa ua kwenye picha nao hubadilika kidogo; programu inasawazisha, lakini inakata kingo.

Mrundiko wa jani

Jani lilinipa raha. Limeegemea mwamba, mwamvuli umelikinga na matone, na hata hewa ikisogea halichezi. Kamera ikawekwa sambamba na sehemu ya jani niliyoitaka, ukubwa halisi, yaani sentimita moja ya jani ni sentimita moja kwenye sensa. Hapo f/5.6 inatosha na ndiyo bora, kwa kuwa kwenye ukubwa halisi inakuwa na tabia ya f/11. Unene wa fokasi, kwa kile kipimo kikali, ni theluthi moja ya milimita. Hatua za robo milimita, mbonyeo wa jani milimita tano au sita, fremu ishirini na ushee. Hazikuwa na haraka.

Kwa ukubwa huo unaona kitu ambacho jicho halikioni. Vinyweleo virefu vimesimama wima, vina mng'ao wa kioo, na chini yake kuna vifupi vilivyojaa kama nyasi chini ya mahindi. Ncha ya kinyweleo kirefu iko kwenye fremu moja na shina lake kwenye fremu ya nne au ya tano baadaye.

Kuunganisha, na mahali programu inapodanganya

Nilitumia programu ya Zerene Stacker. Helicon Focus nayo inafanya kazi hiyo vizuri kwa njia zake. Zerene ina njia mbili. DMap huchagua kwa kila sehemu fremu ipi ni kali na kuichukua ilivyo, hivyo rangi na ulaini wa petali vinabaki kama vilivyo. PMax hujenga picha kutoka kwenye maelezo madogo madogo ya fremu zote, inashughulikia vizuri nyuzi zinazokatizana, lakini inaongeza chembechembe na kukoleza utofauti wa mwanga.

Kwa ua, DMap ilikuwa jibu. Kasoro ilibaki pembezoni mwa vifuko vya njano, kivuli laini kama duara la mwanga, kwa sababu nyuma ya vifuko petali iko mbali. Nikarudisha sehemu hiyo kwa brashi kutoka kwenye fremu halisi iliyokuwa kali pale.

Kwa jani nilianza na DMap na ikala vinyweleo: penye ncha ya kimoja kupita mbele ya shina la kingine, kimojawapo kilikatika. PMax ikavirudisha. Lakini PMax nayo ina hatari yake, na kwa kazi ya utambuzi wa mimea ni hatari kubwa zaidi. Kama kitu kimesogea hata kidogo kati ya fremu, inaweza kuchora kinyweleo kimoja mara mbili, pembeni kwa pembeni, vikali vyote viwili, vya kuvutia vyote viwili. Mtaalamu anayehesabu wingi wa vinyweleo atahesabu vya uongo. Kwa hiyo nililikagua jani lote kwa ukubwa kamili, nikilinganisha na fremu moja moja, kipande kwa kipande. Sehemu ya kona ya chini, karibu na ukingo ambapo tone moja lilikuwa limeponyoka mwamvuli, ilikuwa na vinyweleo pacha. Sikuipamba. Niliikata itoke kwenye picha.

Nilikabidhi picha tatu: ua kwa mrundiko, jani kwa mrundiko, na picha moja isiyorundikwa ya mmea mzima juu ya mwamba kwa f/11, ili mahali paonekane. Pamoja nazo nilitoa faili ghafi za kila fremu iliyotumika, na maelezo yanayosema wazi kwamba picha mbili za kwanza zimeunganishwa, fremu ngapi, kwa njia ipi, na kwamba hazijageuzwa. Mtaalamu alipotaka kuhakikisha kinyweleo kimoja kilichoonekana kuwa na ncha ya duara, alifungua fremu ya tisa ya jani na kukikuta pale pale, bila programu kuhusika.